Ka tag, u tag, la tag: mjadala wa Kiingereza Hadado

Mara kwa mara, katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mtahiniwa hupewa sentensi yenye neno lililopigiwa mstari na kuambiwa aliondoe, mahali pake aweke kitenzi kinachoandamana na kijineno. "Postpone" igeuke "put off". "Tolerate" igeuke "put up with". Darasani vitenzi hivi huitwa kwa jina la vitabuni, "phrasal verbs", na alama zake ni chache. Ila hazikai hapo tu. Karatasi ya kwanza ina kifungu chenye mapengo kumi, na pengo moja likidai kijineno, mwanafunzi aliyezoea kukariri hana pa kushika. Na baada ya mtihani kuna maisha, ambako vitenzi hivi ndivyo vinavyosemwa zaidi.

Mjadala huu nimeuweka Hadado, katika Wajir Magharibi, mji mdogo wa wafugaji. Mtoto wa hapa huanza na Kisomali nyumbani, hukutana na Kiswahili shuleni na kwa wageni, na kuanzia gredi ya nne masomo mengi humjia kwa Kiingereza. Wanaozungumza ni wanne, na sauti zao nimezitunga mimi ili kila hoja ipate mtu wa kuitetea kwa moyo wote. Mwalimu ni mzaliwa wa Kitui, anafundisha Kiingereza sekondari, na Kisomali chake ni cha salamu na cha kununulia maziwa. Muuguzi ni binti wa hapa aliyesomea mbali akarudi. Mzee ni dalali wa ngamia. Mtahiniwa ni msichana wa kidato cha nne. Mzee ni ndugu wa baba yake, kwa hiyo humwita adeer, naye mzee, kama desturi ya Wasomali ilivyo, humrudishia jina hilohilo. Kwa ajili ya mwalimu, wanaongea Kiswahili.

MZEE: Mwalimu, huyu binti amekesha. Alfajiri naelekea msikitini, taa ya simu bado inawaka, nasikia "put off, put on, put out, put up, put down". Mimi Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini nikitaka kusema mkutano umesogezwa mbele nasema "postpone". Chifu ananielewa, naibu kamishna ananielewa. Kwa nini mtoto ahangaike na maneno mawili wakati liko moja linalotosha?

MWALIMU: Mzee wangu, ukiniuliza kwa upande wa barua, uko sawa kabisa. Barua ya serikali itaandika "postpone". Neno hilo lina asili ya Kilatini. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa, na wasomi nao wakaendelea kuchota Kilatini kwa karne nyingi. Mkulima akabaki na vitenzi vyake vifupi, "put", "get", "come", "give", akavibebesha vijineno ili vimtoshe kwa kila jambo. Mpaka leo Mwingereza akiandika rasmi hukimbilia maneno marefu, na akiongea hurudia yale mafupi. Binti akijua "postpone" peke yake ataelewa barua, lakini hatamwelewa mtu anayezungumza naye kwenye simu.

MZEE: Basi hao wenyewe wanajua ni magumu.

MWALIMU: Wanajua. Samuel Johnson alitoa kamusi yake London mwaka 1755, na katika dibaji akasema wazi kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Jina lenyewe la "phrasal verb" lilikuja baadaye sana. Logan Pearsall Smith alilichapisha mwaka 1925, akisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Kwa hiyo anayekesha hapa Hadado ana wenzake wengi waliomtangulia.

MUUGUZI: Mimi naomba tutoke kwenye mtihani kidogo. Kwangu jambo hili ni la kazi. Nina mgonjwa mahututi, nampigia daktari wa hospitali ya rufaa, naye ana haraka. Ananiuliza, "Did she pass out? Has she come round? Is she bringing up everything?" Maneno yote hayo ni ya darasa la chini. "Pass", "come", "bring". Lakini anataka kujua kama mgonjwa alizirai, kama fahamu zimemrudia, kama anatapika kila anachopewa. Sasa hapa kwetu ukisema kijana ame-"pass out", watu wanakuja kumpongeza, maana amemaliza mafunzo ya polisi Kiganjo na gwaride limefanyika. Neno ni lilelile. Nikilichukua kwa maana ya nyumbani, nimempotosha daktari.

MZEE: Hilo la Kiganjo ni kweli, ndivyo tunavyosema.

MUUGUZI: Na wewe adeer, ngamia wako akivunjika mguu, daktari wa mifugo akaja, akaandika kwenye karatasi kwamba huyu ni wa ku-"put down", utafanya nini?

MZEE: Nitamlaza chini apumzike.

MUUGUZI: Naye amekuandikia umuue asiendelee kuteseka.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu muuguzi amegusa kitu ambacho mijadala ya lugha hukipita haraka. Eneo hili linaandikiwa Kiingereza kingi sana na watu wasioishi humo. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti ya ukame, na taarifa hizo ni za Kiingereza. Mashirika ya misaada huandika kwa Kiingereza. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa mwishoni mwa mwaka 2006 na kusambaa, ripoti za magonjwa zilisema imefanya "break out", na kinachozuka kwa namna hiyo wakakiita "outbreak", kitenzi kilekile kimegeuzwa kichwa chini miguu juu na kufanywa nomino. Novemba 2023 mafuriko yalipomeza barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale Kona Punda, Madogo, watu wa huku walikuwa "cut off", yaani wamekatiwa njia. Mradi "unaanzishwa", mradi "unapanuliwa", mradi "unafungwa polepole": kwa Kiingereza cha ofisini ni "roll out", "scale up", "phase out". Mfugaji aliyesikia la kwanza akadhani na la tatu ni habari njema atashangaa fedha zilipokwenda.

Sisemi kila mfugaji ajifunze Kiingereza hicho. Ningependa zaidi taarifa za ukame ziandikwe kwa Kisomali na Kiswahili, na hilo ni deni la serikali, maana kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka ilinde lugha za watu wake na kukuza matumizi yake. Lakini mpaka deni hilo lilipwe, kila nyumba inahitaji angalau mtu mmoja wa kusoma karatasi hizo bila kupotoka, na mtu huyo kwa kawaida ni mtoto aliyeko shuleni. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mzee kwamba "postpone" inatosha.

MTAHINIWA: Mwalimu, mimi sikatai kujifunza. Shida yangu ni daftari. Nimeandika "give up, give in, give out, give away", mbele yake maana. Usiku nazijua zote. Asubuhi "give in" imekaa mahali pa "give out".

MWALIMU: Ndivyo tulivyosoma hata sisi. Nilikariri orodha nzima Kitui, kurasa kwa kurasa.

MTAHINIWA: Na ulizikumbuka?

MWALIMU: Zile nilizozitumia.

MUUGUZI: Hapo umejijibu, mwalimu. Sasa nisikilize, kwa sababu kuna kitu humu darasani kwako ambacho huwezi kukiona, si kosa lako, ni kwa kuwa hujui Kisomali. Chukua kitenzi "tag", yaani enda. "Ka tag": ondoka, achana nacho. "U tag": mwendee. "La tag": ondoka nacho. "Kala taga": achaneni, kila mtu na njia yake, na ndivyo tunavyosema hata mume na mke wakiachana. Kitenzi ni kimoja. Kinachogeuza maana ni kijineno kilichokaa mbele yake. Sasa niambie hicho ni kitu gani.

MWALIMU: Ni kama "go away", "go to", "go off with".

MUUGUZI: Si kama. Ni kazi ileile. Chukua "noqo", rudi. "Soo noqo": rudi huku niliko. "Ku noqo": rudia tena. "Ka noqo": geuka, kana ulichokisema, vunja ahadi. Kiingereza cha hiyo ya mwisho ni kipi?

MWALIMU: "Go back on."

MTAHINIWA: Mwalimu, hiyo iko kwenye daftari langu! Nimeandika "to fail to keep a promise" na sikuielewa.

MUUGUZI: Kumbe unaitumia nyumbani kila siku.

Na muuguzi hajamaliza, ila nataka kusema jambo kuhusu hayo. Kisomali kina vijineno vinne vikuu, u, ku, ka na la, ambavyo hukaa mbele ya kitenzi na kukipa mwelekeo, chombo, chanzo au mwenzi. Juu yake kuna soo na sii, kimoja cha kuja huku na kingine cha kwenda kule, na wada na kala, cha pamoja na cha mbalimbali. Vijineno hivyo hushikana. Kwenye kuta za maduka ya simu na matangazo ya biashara ya Wasomali, kuanzia Eastleigh mpaka Mogadishu, utakuta maneno "nagala soo xiriir" yakifuatiwa na namba. Ndani ya "nagala" mna sisi, mna ka, mna la, kisha soo, kisha ndipo kitenzi, unga. Maana yake: wasiliana nasi kupitia namba hii. Vijineno vitatu juu ya kitenzi kimoja, vimeyeyushwa pamoja na kiwakilishi. Mtoto anayeyaelewa maneno hayo bila kufikiri anaambiwa na kitabu chake cha Kiingereza kwamba "put up with" ni ngumu mno kwa sababu ina maneno matatu.

Hilo ndilo linaloniuma. Tunampokea mtoto wa Hadado kana kwamba amekuja mikono mitupu, tunamkabidhi orodha, akishindwa tunasema Kiingereza cha Kaskazini Mashariki ni dhaifu.

MWALIMU: Sista, nakubali nimejifunza kitu leo. Lakini nisipotoa upande wangu nitakuwa namdanganya huyu binti. Kisomali kitamsaidia hatua ya kwanza, kisha kitamwangusha. Hiyo "ku" yenu, wanafunzi wamenieleza, inafanya kazi ya "in", ya "on", ya "at", na ya "with" ukitaja chombo. "Ka" inafanya kazi ya "from" na ya "about", na hata ya "than" mnapolinganisha. Kwa Kisomali unazungumza "ka" jambo, basi kwenye insha wanaandika "discuss about". Nikisahihisha mara kumi, inarudi mara ya kumi na moja.

MTAHINIWA: Hata wa Nairobi wanaandika "discuss about", mwalimu.

MWALIMU: Wanaandika, na wanakosa. La pili ni zito zaidi. "Go back on" ina njia ya kuifikia. Anayerudi nyuma juu ya neno lake, unamwona akirudi. Lakini "put up with"? Weka, juu, pamoja na. Wapi hapo kuna kuvumilia? Mkiniletea Kisomali chote, hiyo haifunguki.

MUUGUZI: Na hii yetu inafunguka? "Dhac" ni kuanguka. "Ku dhac" ni kuangukia kitu, "ka dhac" ni kuanguka kutoka juu ya kitu. Sasa "la dhac", kuanguka pamoja na. Maana yake?

MWALIMU: Sijui. Kuanguka mkiwa wawili?

MUUGUZI: Kupendezwa na kitu mno. Nikisikia hotuba nzuri nasema "waan la dhacay". Hakuna mama aliyewahi kumkalisha mtoto akamweleza kwa nini kuanguka pamoja na hotuba ni kuipenda. Mtoto alisikia hotuba nzuri, akasikia na neno, vikaingia pamoja.

MTAHINIWA: "Fall for"! Mwalimu, si ni "fall for"?

MWALIMU: Karibu sana. Ila angalia, "fall for" ina ubaya wake pia. Mtu anaweza ku-"fall for" ujanja, yaani akadanganyika.

MTAHINIWA: Nimeipata. Hiyo siisahau tena.

Mwalimu ana haki katika pingamizi lake la kwanza, na muuguzi ana haki katika jibu la pili, na mimi sitaki kuzifanya haki hizo mbili ziwe sawa kwa uzito. Kijineno cha Kisomali hakilingani na cha Kiingereza kimoja kwa kimoja. Anayefundisha hivyo atazalisha makosa mapya. Lakini wazo la kwamba kitenzi kidogo hubeba maana nyingi kwa msaada wa kijineno, na kwamba maana hizo nyingine huonekana na nyingine hazionekani, mtoto huyu analo tayari, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kumfundisha mtu asiyekuwa nalo.

Hata Kiswahili kinalo, sema kimelificha ndani ya kitenzi. Mfugaji "anahama" kutoka mahali na "anahamia" mahali, na sauti ndogo ya mwishoni imegeuza mwelekeo mzima, kazi ambayo Kiingereza kingeipa "out of" na "to". Hizo ni maana zinazoonekana. Sasa tazama "amka" na "amkia". Aliyelala huamka, aliye macho humwamkia mkubwa wake. Tazama "ingia" na "ingilia", au "chukua" na "chukulia". Mwanafunzi wa kigeni anayekariri kwamba kiambishi hicho maana yake ni "kwa ajili ya" atashangaa kuambiwa ameingilia mazungumzo ya watu. Kwa hiyo mtoto wa Wajir anapofika kwenye Kiingereza tayari amekwisha kuona lugha mbili zikifanya mchezo huu, moja ikiweka kijineno mbele, nyingine ikikipachika mkiani. Kiingereza ni ya tatu, nayo hukiweka nyuma na wakati mwingine hukiachanisha na kitenzi chake.

Na huko kuachanisha ndiko kunakowatoa jasho.

MTAHINIWA: Mwalimu, niliandika "put off it", ukaweka alama ya kosa. Halafu nikaandika "look it after", ukaweka tena. Sasa "it" ikae wapi?

MWALIMU: Kwenye "put off", ukitaja nomino una uhuru: "put off the meeting" au "put the meeting off". Ukitumia kiwakilishi, uhuru umekwisha, lazima kikae katikati: "put it off". Kwenye "look after" hakuna uhuru wowote, kinachotunzwa hukaa mwisho: "look after it", "look after the calves".

MTAHINIWA: Nitajuaje hii ni ya aina gani?

MWALIMU: Kwa kukariri...

MUUGUZI: Mwalimu!

MWALIMU: Haya, kuna njia nyingine, ya sikio. Msikilize anayezungumza Kiingereza tangu utotoni. Kwenye "put it off", sauti inapanda kwenye "off". Kwenye "look after it", sauti iko kwenye "look", "after" inapita haraka. Kijineno kinachosikika kwa nguvu mara nyingi ndicho kinachoweza kuachana na kitenzi. Lakini Kiingereza chetu cha Kenya hakipandishi na kushusha hivyo, tunayatamka maneno karibu yote kwa nguvu moja. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawana mahali pa kuisikia isipokuwa redioni na kwenye simu.

MUUGUZI: Basi waisikie huko. Na waone kwamba kwetu kiwakilishi kina mahali pake pia. Tunasema "iga tag", niondokee. "I" ni mimi, inakaa mbele ya kijineno, na "ka" yenyewe inalainika kuwa "ga". Hakuna mtoto wa hapa anayeiweka "i" mwisho. Mwambie tu: kwetu kiwakilishi hutangulia, kwao huingia katikati. Atashika.

MZEE: Mimi nina neno. Mnaongea juu ya Mwingereza kana kwamba yuko Hadado. Binti huyu akimaliza shule ataongea Kiingereza na nani? Na Mkikuyu, na Mjaluo, na Mkamba kama mwalimu. Nao wanasema "pick me at six", wanasema "he is not picking", simu haipokelewi. Sijasikia mtu Kenya akiongeza hiyo "up" yenu. Mnamfundisha Kiingereza cha watu asioishi nao.

Hoja hii ya mzee ndiyo iliyonisumbua zaidi, na naamini ni nusu kweli. Wakenya wameviacha vijineno kadhaa njiani. Tuna-"pick" abiria, tuna-"drop" abiria, na tunaelewana kutoka Lamu hadi Busia. Sioni sababu ya kumkosoa mtu anayesema hivyo stendi ya magari. Ni Kiingereza chetu na kina kanuni zake. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani, hata hivyo, anataka "pick up", na daktari aliyeko kwenye simu ya muuguzi hatabadilisha lugha yake kwa ajili yetu. Mwanafunzi anaweza kubeba zote mbili. Mtoto ambaye tayari anaongea lugha mbili na kuandika ya tatu, na wengi wao wana Kiarabu cha madrasa juu yake, hatashindwa kujua kwamba "pick" ni ya barabarani na "pick up" ni ya karatasi.

MWALIMU: Sasa mnataka nifanye nini Jumatatu? Kwa sababu mimi nina vipindi, nina vitabu vya fasihi vya kumaliza, na nina upungufu wa walimu. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, wenzangu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti zote tatu za Kaskazini Mashariki. Shule zilibaki na mwalimu mmoja mmoja. Mimi nipo, lakini niko peke yangu kwa Kiingereza.

MUUGUZI: Anza na vijineno, uache vitenzi. Badala ya "give" na ndugu zake saba, chukua "up" peke yake wiki nzima.

MWALIMU: "Up" ina maana ya juu, halafu ina maana ya kabisa. "Eat up", kula usibakishe. "Use up", tumia mpaka kiishe. "Dry up".

MZEE: Hiyo ya mwisho ni nini?

MWALIMU: Bwawa likikauka lote, tone lisibaki. "The pan has dried up."

MZEE: Hiyo mfundishe kwanza. Hiyo tumeiona, misimu mitano ya mvua ikipita mikavu, kuanzia 2020.

MTAHINIWA: Na "off" je?

MWALIMU: Kuachana, kukatika. "Cut off", barabara. "Call off", mkutano umefutwa. "Set off", msafara umeondoka. "Out" ni kutoka nje, halafu ni kufika mwisho. "Put out", zima moto. "Run out", kuishiwa. "Wipe out", futa kabisa.

MZEE: Kama sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe.

MWALIMU: Kama sotoka, mzee. Mara ya mwisho ilithibitishwa hapahapa Kenya, kwa nyati wa mbuga ya Meru, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imekwisha. Kwenye ripoti wataandika "eradicated". Mtu akisimulia atasema "wiped out".

MZEE: Baba yangu angelipenda neno hilo, lolote kati ya hayo mawili. Sotoka ilimlia ng'ombe wote.

Nyuma ya darasa la mwalimu kuna sera. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mtaala wa sasa umeendelea na hilo hadi gredi ya tatu, kisha Kiingereza hushika usukani. Nimeiona sera hiyo ikitetewa kama daraja: vuka, halafu liache nyuma yako. Kwa vitenzi hivi, daraja huondolewa kabla mtoto hajafika mtoni, kwa sababu gredi ya tatu ni mapema mno. "Go back on" na "fall for" humkuta akiwa na miaka kumi na mitano, wakati Kisomali kimekwisha kufungiwa nje ya darasa, na huenda hakuwahi kufundishwa kukiandika ingawa hati yake ya Kilatini iliidhinishwa Mogadishu tangu 1972. Sidai sekondari ifundishwe kwa Kisomali. Nadai ubao wa darasa la Kiingereza uwe na nafasi ya mistari mitatu ya Kisomali pale inapofupisha safari, na aiandike mwanafunzi mwenyewe, maana mwalimu kutoka Kitui hawezi.

MWALIMU: Mwanafunzi akikosea hiyo ya Kisomali, nitajuaje?

MTAHINIWA: Wenzangu thelathini watampigia kelele, mwalimu.

MUUGUZI: Na mimi Alhamisi mchana huwa sina zamu. Naweza kuja, nikawaletea maneno ya zahanati. "Throw up", "pass out", "come down with", "get over". Kila mmoja aseme Kisomali chake, kisha tumpigie mtu simu ya kuigiza, mmoja awe daktari, mwingine awe mimi.

MWALIMU: Njoo na "put down" pia, ile ya ngamia.

MZEE: Hiyo nitakuja kuifundisha mimi. Ila barua ya kumwomba chifu asogeze baraza la mwezi ujao, adeer, utaniandikia leo, na uandike "postpone".

MTAHINIWA: Ndiyo, adeer. Kwenye barua ni "postpone".